Kukagua kiendeshi cha Ethaneti kabla hakijapelekwa kwenye kerneli ya Linux: nianzie wapi?

binti_waya, mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Ninafanya kazi katika karakana ndogo inayotengeneza bodi za kukusanya takwimu kutoka kwenye mita za maji. Bodi yetu ina chipu yenye kore mbili za Cortex-A7, na ndani ya chipu hiyohiyo kumepachikwa kidhibiti cha Ethaneti cha megabiti 100 kinachowasiliana na PHY ya nje (chipu inayopeleka ishara kwenye waya) kwa njia ya RMII, yaani kiungo cha nyaya kati ya viwili hivyo. Mtengenezaji wa chipu alitupatia kiendeshi, yaani programu inayoiwezesha kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) kukitumia kifaa, kilichoandikwa kwa ajili ya kerneli ya zamani, na mwenzangu wa kazini, ambaye amenizidi umri na uzoefu, amekiandika upya ili kipelekwe kwenye kerneli kuu ya Linux. Ameniomba nikikague kwanza, na nikiridhika niweke jina langu kwenye mstari wa Reviewed-by, unaomtaja aliyekagua.

Nimekipitisha kwenye checkpatch.pl nacho hakikupata hata onyo moja. Nimeacha ping ikienda usiku kucha bila kupoteza pakiti, kisha nikanakili faili kubwa kutoka kwenye bodi bila shida. Hata hivyo kuna jambo linaloninyima usingizi: mara mbili tangu tuifunge bodi kwenye eneo la majaribio, mita nyingi zilipotuma takwimu kwa wakati mmoja, bodi iliacha kabisa kutuma ilhali iliendelea kupokea kama kawaida. Logi ya kerneli haikuwa na neno. Tulipozima kiolesura na kukiwasha tena, mambo yakarudi sawa.

Naweka hapa sehemu ya kutuma. skb ni pakiti yenyewe; pete ni orodha ya mviringo ya diskripta 64, yaani vijirekodi vinavyokieleza kidhibiti fremu ilipo; kichwa ni nafasi ya kujaza, mkia ni nafasi ya kusafisha, na MILIKI ni biti inayosema diskripta iko mikononi mwa kidhibiti. Majina ya vigeu nimeyabadilisha, lakini mpangilio wa mistari ni uleule.

```
urefu = max_t(u32, skb->len, ETH_ZLEN);
d = &pete[kichwa];
mifuko[kichwa] = skb;
d->anwani = cpu_to_le32(dma_map_single(kifaa, skb->data,
                                       urefu, DMA_TO_DEVICE));
d->urefu = cpu_to_le32(urefu);
d->hali = cpu_to_le32(MILIKI);
writel(TUMA, msingi + REJ_AMRI);
kichwa = (kichwa + 1) % 64;
dev->stats.tx_bytes += skb->len;
if (kichwa == mkia)
        netif_stop_queue(dev);
return NETDEV_TX_OK;
```

Na hii ndiyo sehemu inayosafisha pete baada ya fremu kwenda, inayoitwa ndani ya kitendakazi cha NAPI (utaratibu wa kerneli wa kushughulikia pakiti kwa mafungu baada ya katizo, yaani ishara ya kifaa ya kuita prosesa):

```
while (mkia != kichwa) {
        if (le32_to_cpu(pete[mkia].hali) & MILIKI)
                break;
        achilia_mfuko(mkia);
        mkia = (mkia + 1) % 64;
        imesafishwa++;
}
if (imesafishwa && netif_queue_stopped(dev))
        netif_wake_queue(dev);
```

Naomba mnisaidie mambo mawili. Kwanza, mtu anayekagua kiendeshi cha namna hii aanzie wapi, maana nimesoma mistari yote kutoka juu hadi chini na kila mstari peke yake unaonekana sahihi? Pili, nikiweka jina langu kwenye Reviewed-by na baadaye kosa likaonekana, nitakuwa nimeahidi nini hasa?

---

mkongwe_wa_biti

Dada binti_waya, umefanya vyema kuweka msimbo wenyewe, kwa sababu bila huo tungebaki kubashiri.

checkpatch.pl hukagua nafasi, nukta na mazoea ya uandishi, lakini hajui kinachotokea kwenye waya. Ndiyo maana mimi nikiletewa kiendeshi cha mtandao siisomi mistari kwa mfuatano wa faili. Nachagua bafa moja (kipande cha kumbukumbu chenye pakiti) na kuifuata kama karani wa bandarini anavyofuata mzigo: nani ameupokea, ametia saini wapi, na tangu saini hiyo nani pekee ana ruhusa ya kuugusa. Kwenye Ethaneti ya kupachikwa bafa huwa na wenye mali wawili, prosesa na kidhibiti, nao hawaonani. Biti ile ya MILIKI ndiyo saini yenyewe. Makosa mengi niliyowahi kuyaona kwenye viendeshi vya aina hii ni ya mtu kugusa mali baada ya kuikabidhi, au kuikabidhi kabla haijakamilika.

Tuifuate basi bafa yako.

Inaingia ikiwa na urefu wa skb->len, na mstari wa kwanza unaukuza hadi ETH_ZLEN, yaani baiti 60, kwa kuwa fremu ya Ethaneti haipaswi kuwa fupi kuliko baiti 64 ukihesabu na zile 4 za FCS, namba ya kuhakiki fremu. Nia ni njema, ila urefu umeongezwa bila mtu kuandika sifuri kwenye nafasi iliyoongezeka. ARP, yaani ujumbe wa kuuliza anwani ya kifaa kingine, kwa mfano, ina baiti 28 pamoja na kichwa cha baiti 14, jumla 42; kidhibiti kitatuma baiti 18 zaidi kutoka popote kumbukumbu ilipoishia, na ndani ya baiti hizo kunaweza kuwa na mabaki ya pakiti nyingine. Udhaifu huu ulitangazwa mwaka 2003 kwa jina la Etherleak ukapewa namba CVE-2003-0001, na viendeshi vingi vya wakati huo vilikutwa navyo. Dawa yake ni kuita skb_put_padto mwanzoni kabisa. Kumbuka tu kwamba kitendakazi hicho kikishindwa huwa kimekwisha kuiachilia skb chenyewe, kwa hiyo kiendeshi kirudishe NETDEV_TX_OK bila kuiachilia mara ya pili.

Kisha dma_map_single, inayokipa kidhibiti anwani ya kusoma bafa moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Kitendakazi hiki kinaweza kushindwa, na kikishindwa hakirudishi sifuri bali thamani ambayo dma_mapping_error pekee ndiyo inayojua kuitambua. Hapa jibu linamiminwa moja kwa moja kwenye diskripta bila kuulizwa lolote. Washa CONFIG_DMA_API_DEBUG kwenye kerneli ya majaribio nayo itakulalamikia kwa maneno yaliyo wazi. Mapitio ya hatua hii ni mepesi, lakini usisahau kwamba baada ya kushindwa skb inapaswa kuachiliwa na hesabu ya tx_dropped kuongezwa. Kurudisha NETDEV_TX_BUSY hapo kungeifanya foleni ijaribu tena na tena.

Sasa tufike kwenye saini yenyewe, na hapa nakuomba usome taratibu. Msimbo unaandika anwani, kisha urefu, kisha MILIKI, na jicho linaona mfuatano. Prosesa ya ARM haina wajibu wa kuufikisha mfuatano huo kwenye kumbukumbu kama ulivyoandikwa, hata kama pete iliombwa kwa dma_alloc_coherent. Mwenzako anaweza kujitetea kwamba writel inayofuata hubeba kizuizi (amri ya kulinda mfuatano wa maandishi) ndani yake, na atakuwa amesema kweli, lakini kizuizi hicho kinachelewa. Fikiria kidhibiti kikiwa tayari kinaendelea kutuma fremu iliyotangulia. Kikimaliza, hakisubiri amri mpya; kinachungulia diskripta inayofuata. Kikikuta MILIKI imeshawashwa ilhali anwani mpya bado iko njiani, kitatuma bafa ya zamani ambayo huenda imeshagawiwa kazi nyingine. Kati ya d->urefu na d->hali lazima pawepo kizuizi cha dma_wmb. Kasoro hii haionekani kwa ping, kwa kuwa kwa ping kidhibiti huwa kimelala kila unapokipa fremu.

Baada ya saini, mzigo si wako tena. Tazama mstari wa takwimu: kichwa kimeshasogezwa mbele, ndipo skb->len inasomwa. Una kore mbili. Wakati kore moja iko kati ya mistari hiyo miwili, kore nyingine inayoendesha NAPI inaweza kuona kichwa kipya, kukuta fremu imeshatoka, na kuiachilia skb. Unasoma basi urefu kutoka kwenye kumbukumbu ya marehemu. Hifadhi urefu kwenye kigeu mapema, au hesabu takwimu wakati wa kusafisha, ambako ndiko mahali pake hasa kwa sababu huko ndiko unakojua kwamba fremu ilienda kweli.

Kuhusu kusimama kwa utumaji, nadhani ni mashindano kati ya kore hizo mbili. Mtumaji anaona pete imejaa. Kabla hajaita netif_stop_queue, msafishaji anasafisha pete yote, anaangalia kama foleni imesimama, anakuta haijasimama, anaondoka. Kisha mtumaji anaisimamisha. Pete ni tupu, hakuna fremu itakayoleta katizo, na hakuna atakayeiamsha foleni tena. Tiba inayojulikana ni mtumaji, baada ya kuisimamisha foleni, kupitia kizuizi cha smp_mb na kuangalia nafasi upya, akizikuta aiamshe mwenyewe. Na msafishaji naye apitie kizuizi cha aina hiyohiyo kati ya kusogeza mkia na kuangalia hali ya foleni. Siku hizi si lazima uandike haya kwa mkono, maana include/net/netdev_queues.h ina makro zilizokwisha kufikiriwa na watu waliochoka kurekebisha kosa hili kila mwaka.

---

nahodha_wa_foleni

Nakubaliana na mkongwe kwa yote isipokuwa aya ya mwisho, ambayo ni sahihi kwa jumla lakini siyo iliyoisimamisha bodi ya dada yetu. Msimbo huu haujafikia hata hatua ya kuwa na mashindano hayo.

Chukueni kalamu na karatasi. Mwanzoni kichwa ni 0 na mkia ni 0, na kwa msafishaji hali hiyo ina maana kwamba pete ni tupu, kwa sababu kitanzi chake kinasema ifanye kazi maadamu mkia haulingani na kichwa. Sasa tumeni fremu 64 kabla ya moja kusafishwa. Kichwa kinazunguka na kurudi 0. Mtumaji anaona kichwa kinalingana na mkia, anasema pete imejaa, anaisimamisha foleni. Katizo linakuja, msafishaji anaamka, naye anaona kichwa kinalingana na mkia, anasema pete ni tupu, analala. Usawa uleule umepewa maana mbili na watu wawili. Hakuna haja ya kore mbili wala bahati mbaya ya muda. Pete ikijaa mara moja tu, utumaji umekwisha hadi kiolesura kizimwe.

Swali ni kwa nini majaribio hayakulionyesha. Fremu kamili ina baiti 1514. Ukiongeza 4 za FCS, 8 za utangulizi na 12 za pengo, inachukua nafasi ya baiti 1538 kwenye waya, ambazo kwa megabiti 100 ni mikrosekunde 123. Nafasi 64 ni kama milisekunde 8 za kazi. Ping haishiki zaidi ya nafasi moja au mbili. Kunakili faili moja kwa TCP nako hakujazi, kwa kuwa kerneli yenyewe huizuia soketi moja isirundike pakiti nyingi kwenye foleni za chini. Mita nyingi zikizungumza kwa pamoja, kila moja kwa soketi yake, hapo ndipo rundo linafika 64.

Warekebishe kwa njia moja kati ya mbili: ama waache nafasi moja ya pete bila kutumiwa kamwe, ili kujaa kuwe kichwa kiko nafasi moja nyuma ya mkia, ama wavifanye kichwa na mkia kuwa vihesabio visivyokunjwa, vinavyokatwa kwa kinyago cha 63 wakati wa kuingia kwenye pete tu, na tofauti yao ndiyo iwe idadi iliyotumika. Mimi napendelea ya pili. Baada ya hapo, onyo la mkongwe litaanza kuwa na kazi.

Na kuhusu logi kukaa kimya: angalia kama kiendeshi kimejaza ndo_tx_timeout, kitendakazi kinachoitwa utumaji unapokwama. Nadhani hakikujaza. Kerneli ina mlinzi anayeangalia foleni iliyosimama kupita muda, ambao usipowekwa ni sekunde 5, naye hupiga kelele kwa ujumbe wa NETDEV WATCHDOG. Lakini kwa kifaa kisicho na kitendakazi hicho mlinzi huyo hawekwi zamu kabisa. Kwa hiyo kiendeshi kilikufa kwa sababu moja na kikanyamaza kwa sababu nyingine, na zote mbili unapaswa kuziandika.

---

binti_waya

Nawashukuru sana. Nimetumia siku mbili kujaribu kila mlichosema, na naleta matokeo.

Nilianza na pete. Niliendesha iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwa UDP bila kikomo cha kasi, mikondo minne kwa pamoja, na bodi iliacha kutuma kabla sijarudisha mkono kwenye kikombe cha chai. Nikarudia mara tano, na mara zote tano ikawa hivyo. ndo_tx_timeout kweli haikuwepo; nilipoijaza kwa kitendakazi kinachoandika tu hali ya kichwa, mkia na diskripta, ujumbe wa NETDEV WATCHDOG ulitokea kwa mara ya kwanza, ukionyesha kichwa 17 na mkia 17, na hakuna diskripta hata moja yenye MILIKI. Fremu zote zilikuwa zimetoka zamani.

Nikabadilisha vihesabio kama nahodha alivyopendekeza. iperf3 ikaenda vizuri jioni nzima, nikaenda kulala nikiwa na furaha, na asubuhi nikakuta imesimama tena. Safari hii tofauti ya kichwa na mkia ilikuwa sifuri, yaani pete tupu na foleni iliyosimamishwa, jambo ambalo ni lilelile mkongwe alilolieleza. Nimeweka makro za netdev_queues.h na sasa ni usiku wa pili haijasimama.

Kuhusu mabaki kwenye fremu fupi, niliweka kompyuta nyingine upande wa pili wa waya na kuendesha tcpdump, inayonasa fremu za mtandao, kwa chaguo la -xx linaloonyesha baiti zake, kisha nikafuta jedwali la ARP la bodi ili iulize upya. Baiti 42 za mwanzo zilikuwa ARP safi. Katika zile 18 za mwisho nilisoma, kwa macho yangu, kipande cha namba ya mita tuliyokuwa tumeisoma dakika moja kabla. Sikuwa nimetarajia kuliona jambo hilo wazi kiasi hicho, na kwa kweli ndilo lililonishtua kuliko hata kusimama kwa bodi, kwa kuwa namba hizo ni za wateja.

Bado sijajua niangalie nini kwenye upande wa kupokea na kwenye probe, kitendakazi kinachokianzisha kifaa. Humo sijaona dalili yoyote ya ugonjwa.

---

kipima_waya

Kwenye upande wa kupokea, dada, uchukue msimamo mkali zaidi, kwa sababu huko data inatoka kwa watu usiowajua.

Angalia kwanza urefu wa fremu unasomwa wapi. Viendeshi vingi huuchukua kutoka kwenye diskripta na kuupitisha moja kwa moja kwa skb_put. Kidhibiti kikikosea, au diskripta ikisomwa kabla ya wakati wake, urefu huo unaweza kuzidi bafa na kerneli itaanguka kwa skb_over_panic. Urefu ulinganishwe na ukubwa wa bafa kabla ya kitu kingine chochote, na zile baiti 4 za FCS ziondolewe kama kidhibiti hakiziondoi chenyewe. Ile dma_wmb ya upande wa kutuma ina pacha wake huku: ukishasoma MILIKI na kuikuta imezimwa, pitia dma_rmb kabla ya kusoma sehemu nyingine za diskripta.

Kisha uliza: kumbukumbu ikikosekana inakuwaje? Kanuni ninayoishika ni kwamba bafa mpya ipatikane kwanza ndipo ya zamani ipandishwe juu kwenye tabaka za mtandao. Isipopatikana, pakiti iliyofika itupwe na bafa yake irudishwe kwenye pete. Kiendeshi kinachopandisha kwanza na kutafuta baadaye kitaacha mapengo kwenye pete siku kumbukumbu inapobana, na mapengo yakitimia 64 bodi itakuwa kiziwi.

Kwenye kitendakazi cha NAPI soma mistari mitatu ya mwisho. Makatizo yawashwe tena pale tu kazi iliyofanyika imepungua kuliko bajeti (idadi ya pakiti iliyoruhusiwa kwa zamu) na napi_complete_done imekubali. Nimewahi kukuta kiendeshi kinachowasha makatizo kila mara kinapotoka. Kinafanya kazi, lakini kore moja inaishi kwa kujibu makatizo. Pia bajeti inaweza kuwa 0, hasa netpoll (njia ya kerneli ya kutumia mtandao bila makatizo) inapoita, na hapo ruhusa ni ya kusafisha upande wa kutuma peke yake.

Kuhusu probe, nitakusimulia jambo moja. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi zamani tulipokea bodi mpya ambayo haikuwaka. Hakukuwa na ujumbe wa kosa, ni ukimya tu katikati ya kuanza kwa mfumo. Tulibadilisha kumbukumbu, tukabadilisha umeme, tukaanza kumlaumu aliyechora bodi. Siku ya tatu ndipo tulipofika kwenye mstari huu:

```
while (readl(msingi + REJ_RESETI) & 1)
        ;
```

Kidhibiti kile kilihitaji saa ya MHz 50 ya RMII, yaani mapigo ya umeme yanayoratibu kazi, ndipo kimalize kujiweka upya, na kwenye bodi hiyo saa ilitoka kwenye PHY, ambayo mguu wake wa kuwekwa upya ulikuwa bado umeshikiliwa chini. Bila saa, biti haikuzimika kamwe, na kerneli ikabaki hapo ikizunguka. Kila kitanzi kinachosubiri kifaa kigeuzwe kuwa readl_poll_timeout, na kosa lake lirudishwe kwa aliyeita. Kwa kuwa bodi yenu nayo ni ya RMII, hakikisha mti wa vifaa (faili linaloieleza kerneli vifaa vya bodi) unaeleza saa hiyo inatoka wapi, na kiendeshi kinaiwasha kabla ya kuweka upya.

register_netdev iwe ya mwisho kabisa kwenye probe. Mara tu inapoitwa, programu za juu zinaweza kukifungua kiolesura kabla hata mstari unaofuata haujatekelezwa.

---

mkongwe_wa_biti

Nahodha amenisahihisha na amenisahihisha kwa haki. Niliona ugonjwa niliouzoea nikaacha kuhesabu.

Nirudi kwenye swali lako la pili, dada, ambalo hatujaligusa. Mstari wa Reviewed-by si dhamana kwamba msimbo hauna kosa. Nyaraka za kerneli zinaeleza kwamba anayeuandika anasema amefanya mapitio ya kiufundi, amemweleza mwandishi matatizo aliyoyaona na ameridhika na majibu, na kwamba kwa ufahamu wake hakuna kasoro inayozuia msimbo kuingia. Ni tofauti na Tested-by, inayosema tu kwamba mtu ameujaribu kwenye kifaa fulani, na ni tofauti na Acked-by, ambayo ni kukubali bila kudai umepekua kila kona. Kwa hali ya sasa unaweza kustahili Tested-by baada ya toleo lijalo, na Reviewed-by baada ya kusoma marekebisho yote. Ukiiweka leo utakuwa umesema usichokiamini.

Mwenzako amekuzidi umri, nami najua uzito wa jambo hilo katika ofisi zetu. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni kuandika kila hoja chini ya mstari husika na kuambatanisha ushahidi, bila kutaja neno la jumla juu ya mwandishi. "Kichwa 17, mkia 17, foleni imesimama, hakuna MILIKI" haimvunjii mtu heshima. Na ile fremu ya ARP yenye namba ya mita usiitume kwenye orodha ya umma. Mwonyeshe yeye kwanza, ana kwa ana.

Mtakapokuwa tayari, kiendeshi kipya kinakwenda kwenye net-next (hazina ya mambo mapya ya mtandao), si kwenye net (hazina ya marekebisho), na hakipokelewi wakati dirisha la kuunganisha, yaani kipindi cha kuingiza mabadiliko kwenye kerneli kuu, limefunguliwa, ambalo huchukua kama wiki mbili kila baada ya toleo la kerneli. Mpite kwenye get_maintainer.pl ili mjue wa kuwaandikia, na baada ya kutuma toleo moja msubiri walau saa 24 kabla ya kutuma jingine, hata kama mmeaibika kwa kosa mliloliona dakika tano baada ya kubonyeza. Watu wa mtandao pia wanataka vigeu vya ndani vipangwe kuanzia mstari mrefu hadi mfupi, kama mti wa Krismasi uliopinduliwa. Mimi sijawahi kuona faida yake, lakini wao ndio wenye nyumba.

---

binti_waya

Nimekaa na mwenzangu jana mchana na karatasi tatu za maoni. Alizisoma kimya hadi mwisho. Kwenye hoja ya pete alichukua kalamu, akachora duara, akahesabu hadi 64 kwa kidole, kisha akasema "lo" mara moja na kuendelea. Kwenye ARP alinyamaza muda mrefu zaidi, halafu akaniomba nimwachie ile karatasi.

Alinibishia jambo moja tu, nalo ni dma_wmb, akitumia hoja ileile ya writel ambayo mkongwe aliitabiri. Tulipochora kidhibiti kikiwa katikati ya fremu iliyotangulia, akakubali.

Mwishoni aliniuliza kwa nini sikuandika neno lolote kuhusu kitendakazi cha remove, kinachokiondoa kifaa. Nikajibu kwamba nilikiona kifupi. Akacheka, akaniambia nikakisome tena nikiangalia saa inazimwa wapi na unregister_netdev inaitwa wapi. Nimekifungua sasa hivi: saa inazimwa kwanza, kiolesura kikiwa bado kimesajiliwa.